Upande wa Kushoto wa Skola

Jumatano, jioni. Ukungu umerudi tena Uyole.

Asubuhi ulikuwa umekaa huko mlimani, mchana ukatupisha kidogo tukaota jua, na sasa umeshuka mpaka kwenye paa la jirani. Maharage yanachemka taratibu kwenye jiko la mkaa. Nimekaa kwenye kigoda pembeni yake, simu mkononi, kitenge begani, na sina haraka ya kwenda popote. Siku za baridi kama hizi huwa najiona kama mtu ambaye hajaamka vizuri, hata ikifika jioni.

Kesho tunampeleka Skola kliniki ya macho.

Nimeiandika hiyo sentensi, nikaifuta, nikaiandika tena. Sasa imekaa. Basi iache ikae.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: Skola ni binti yangu, wa kwanza na mpaka sasa wa pekee, hajafikisha miaka mitatu. Jina lake kamili ni Skolastika, jina kubwa kuliko yeye mwenyewe. Ana mashavu yaliyopasuka kwa baridi ambayo kila asubuhi nayapaka mafuta ya mgando huku akinikimbia. Na ana jicho la kushoto linaloingia ndani, kuelekea puani.

Hakuzaliwa nalo hivyo. Lilianza kidogo kidogo, karibu na siku zile alipokuwa anasimama dede. Akichoka linaingia zaidi. Akiwa na usingizi, jicho moja linanitazama mimi na lingine linatazama mahali ambapo sijawahi kupajua. Mimi nilikuwa nampakata jioni kama hii, najiuliza huko anaona nini. Nilijisimulia kwamba anaona upande wa pili wa mambo, ule ambao sisi tumeshaufunga. Nililipenda lile jicho. Sioni sababu ya kuficha.

Na si mimi peke yangu.

Mama mkwe wangu anaishi Iringa, Ipogolo, kule bondeni barabara kuu inapopita. Alipokuja kututembelea na kuliona jicho la Skola kwa mara ya kwanza, alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje wakidhani kuna posa. Mama yake mzazi, yule Skolastika wa kwanza ambaye binti yangu amerithi jina lake, alikuwa na jicho hilohilo. Kengeza lilelile, upande uleule wa kushoto. "Mama amerudi," akasema, akakaa chini na kulia kwa furaha. Tangu siku hiyo mama mkwe haongei na Skola kama mtu anavyoongea na mjukuu. Anampa shikamoo. Kweli kabisa, mtu mzima mwenye mvi anapiga magoti anasema, "Shikamoo, mama," na kale kajitu kenye makamasi kanajibu, "Malahaba."

Mimi huwa nacheka mpaka mbavu ziume. Festo, mume wangu, hacheki. Anasema huyo ni bibi yake, nimheshimu.

Sasa ngoja niseme habari ya huyo bibi, maana leo nzima nimeshinda naye kichwani ingawa amelala kaburini tangu kabla Skola hajazaliwa.

Nilimwona mwaka ule Festo aliponipeleka kwao kunitambulisha. Alikuwa kijijini, huko Kilolo, amekaa mlangoni juani, amejifunika blanketi, mdogo, msafi, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili. Nikaenda moja kwa moja kumsalimia. Kabla sijafika mama mkwe akanishika kiwiko, akanizungusha pole pole kama mtu anayegeuza sufuria jikoni. "Bibi hasalimiwi kushoto," akaninong'oneza. "Pita kulia."

Nikapita kulia. Kila mtu alipita kulia. Chakula kilipelekwa kutoka kulia. Wajukuu walijipanga kulia. Hata siku ya harusi yetu, mpiga picha alipotaka kuinama upande wa kushoto wa bibi, mashangazi watatu walimrukia kwa pamoja.

Sikuuliza kwa nini. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Mama yangu alikuwa akisikia tu kikohozi cha babu, baba yake baba, anaiacha njia na kuingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Mkwe hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, ndivyo alivyofundwa. Mara ngapi nimemsubiri pale njiani na ndoo yangu ya maji kichwani, nikiongea na majani ya mgomba, na majani yananijibu, "Ameshapita?" Mtu aliyekua hivyo hashangai kuambiwa apite kulia. Kila nyumba ina adabu zake. Nikaiweka hiyo pamoja na nyingine, nikaendelea na maisha.

Na mama mkwe ana ushahidi wa adabu hiyo mkononi. Mkono wake wa kulia una kovu refu, kutoka kifundoni mpaka karibu na kiwiko, ngozi imejikunja na kung'aa. Alipokuwa msichana mdogo alitumwa ampelekee mama yake bakuli la uji wa moto. Kwa haraka za kitoto akapita kushoto. Mama yake akanyanyua mkono ghafla, bakuli likaruka, uji wote ukammwagikia yeye. Mashangazi badala ya kumpa pole wakamsema. Hadithi hiyo ameisimulia kwa kila mjukuu wa ukoo, na kila mara anaimalizia hivi: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliungua mkono." Kisha anakunja mkono wa blauzi, watoto wanaligusa kovu kwa kidole kimoja.

Basi. Hayo ndiyo tuliyokuwa tunayajua mpaka wiki iliyopita.

Wiki iliyopita nilimpeleka Skola kliniki ya watoto, hii ya kawaida ya kupima uzito. Nesi akamwangalia, akachukua tochi ndogo, akamulika huku na huku, akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia nimpeleke kwa wataalamu wa macho mjini, na nisisubiri. Nikamwambia ni la kurithi, bibi wa baba yake alikuwa nalo, kwao ni baraka. Hakunicheka. Alisema, "Mama, jicho likikaa bila kazi, ubongo unalisahau. Akiwa mdogo hivi, pengine linaweza kukumbushwa. Akishakua inakuwa ngumu." Alisema pengine. Nimelibeba hilo neno wiki nzima.

Akanieleza namna ya kumwandaa. Nisimdanganye kwamba hawatamgusa. Nimwambie watamulika, watamziba jicho moja halafu lingine, labda watamtia matone yanayowasha kidogo. Nicheze naye hayo yote nyumbani ili kule asione mageni. Nimzoeshe kukaa mapajani kwa mtu, kichwa kimetulia. Nibebe kitu anachokipenda.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Festo. Festo ni fundi wa malori hapa Uyole, mtu wa maneno machache, anayeongea zaidi na injini kuliko na watu. Akasema sawa. Kisha akampigia mama yake. Niliisikia sauti ya mama mkwe ikitoka kwenye simu hadi nilipokuwa nimesimama.

"Msimpeleke mpaka nifike."

Festo akaweka simu mfukoni, akaenda kulala chini ya lori la watu mpaka giza lilipoingia.

Mimi nikaanza michezo.

Nilikata kipande cha kitenge cha zamani, kile cha njano chenye ndege, nikakishonea mpira wa suruali, kikawa kizibo cha jicho. Wa kwanza kukivaa alikuwa Gunzi. Gunzi ndiye mwanasesere wa Skola, ni gunzi la hindi kweli, lina nywele za hindi zilizokauka na macho ambayo Festo aliyachora kwa mkaa, moja kubwa kuliko lingine. Tukaupa mchezo jina: jicho linalala. Jicho la Gunzi likalala. Jicho la mama likalala. Kisha Skola mwenyewe akataka, akapiga miguu chini kwamba ni zamu yake.

Nikamziba la kushoto, lile la kengeza. Akafurahi sana. Akatembea uani amejishika kiuno kama afisa afya, akanionyesha kuku, akanionyesha viatu vya baba yake, akanionyesha lori barabarani.

Nikahamisha, nikamziba la kulia.

Akasimama.

Alisimama tu, katikati ya uwanja, mikono ameinyoosha mbele. Jua lilikuwa limetoka, jua zuri la saa nne, kila kitu kinang'aa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, usiku."

Nilicheka kwanza. Nilidhani ni sehemu ya mchezo, kwamba jicho limelala kwa hiyo ni usiku. Nikamwambia njoo. Akapiga hatua moja, akaikosa mikono yangu iliyokuwa mbele yake, akakivua kile kizibo kwa hasira na kumtupa Gunzi.

Kesho yake nikajaribu tena. La kushoto, kicheko. La kulia, "Usiku."

Nilikwenda nyuma ya nyumba, pale tunapoanika mahindi, nikalia. Sikulia kwa sauti. Nililia kwa sababu lile jicho nililokuwa nalipenda, ambalo nilidhani linaona mbali kuliko yetu, lilikuwa limekaa gizani muda wote huo karibu kabisa na uso wangu. Ndipo nikaanza kukumbuka vitu. Anavyoshtuka ukimjia kutoka kushoto. Tulikuwa tunasema mtoto huyu ana woga. Anavyogeuza kichwa kizima akitaka kikombe. Tulikuwa tunasema ana maringo.

Festo alinikuta hukohuko. Sikumweleza, nilimpa kile kitenge tu. Akaenda akacheza naye mwenyewe, na nikasikia kutoka nyuma ya nyumba, "Baba, usiku." Alikaa muda mrefu kwenye karai akinawa mikono, anasugua grisi ambayo haitoki.

Nikamuuliza kama atamwambia mama yake. "Kwa simu siwezi," akasema. "Akifika ataona."

Leo amefika.

Alipiga simu akiwa njiani. "Niko Igawa, gari imesimama. Nawachukulia mchele." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Mama mkwe wangu akiwa amekasirika hanunui mchele. Akiwa ameshaamua jambo, ananunua.

Nilifagia uwanja mara mbili. Nilipanga maneno kichwani, nikayapanga tena. Nilijiambia nitakuwa mpole lakini sitarudi nyuma. Nilijiona ni shujaa, halafu nikamimina chumvi kwenye chai.

Skola alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, juani, anamvalisha Gunzi soksi. Bega lake la kushoto lilikuwa limeelekea getini. Bajaji ikasimama, mama mkwe akashuka na mchele wake na kikapu cha nyasi za milulu mkononi, kimejaa karanga na parachichi. Mgeni njoo mwenyeji apone. Kutoka getini mpaka kwenye mkeka ni karibu sana, unanyoosha tu.

Hakunyoosha.

Aliweka mchele chini, akakunja kanga yake, akazunguka. Alipita nyuma ya kamba ya nguo, akapita kati ya tenki la maji na gunia la mkaa ambapo hata mimi napita kwa shida, akaruka kijifereji cha maji machafu, akatokea upande wa kulia wa mkeka. Hapo ndipo akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi. Mara ngapi nimemwona akizunguka hivyo? Kila alipokuja. Kila alipokwenda kwa mama yake pia. Nimeishi na mzunguko huo miaka yote na sijawahi kuuona. Lakini leo nilikuwa nimetoka kushinda wiki nzima upande wa kushoto wa binti yangu, nikijua huko kuna nini.

Nilipeleka chai.

Baada ya chai aliweka kikombe chini, akafuta mdomo, akaniangalia. "Mwanangu, sijaja kugombana na nyie," alisema. "Nyie mmesoma, mimi najua. Lakini hii jicho sio ugonjwa. Hii ni ya mama. Mkiinyoosha hii, mimi mama yangu nitamwona wapi tena?"

Maneno yangu yote niliyoyapanga yakayeyuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mama mkwe mkali, mama mkwe wa kubishana naye. Sikujiandaa kwa mtu aliyemkumbuka mama yake. Nilimwonea huruma. Nikamjazia chai nyingine.

Aliyeamua ni Skola. Alikuja na kile kitenge chake cha njano, akampanda bibi yake mapajani, akamvalisha juu ya jicho. "Jicho inalala," akamwambia. Mama mkwe akacheka. Huwezi kumkatalia mama yako kitu. Akakaa na jicho moja limelala, akamsifia Gunzi kwa soksi zake, akamuuliza Gunzi habari za Mbeya.

Kisha ikawa zamu ya Skola. Mama mkwe akakivua kizibo, akamfunga mjukuu wake. Alimfunga la kulia.

Ningeweza kumzuia. Ningesema, Mama, anza na lile lingine. Nilimwacha, na bado sijui kama nilifanya vizuri.

Skola akatulia. Mikono yake ikaenda mbele, ikapapasa hewani, ikagusa kilemba cha bibi yake, ikateleza.

"Usiku," akasema. Halafu akasema, "Bibi wapi?"

Alikuwa amekaa mapajani kwake. Uso wa bibi yake ulikuwa mbele yake pale, karibu kiasi cha pua kugusana.

"Niko hapa, mama," akasema mama mkwe. "Niko hapa."

"Bibi wapi?"

Mama mkwe akamfungua haraka. Skola akamwona, akacheka, akashuka na kumfuata kuku. Kwake mchezo uliisha. Sisi wawili tukabaki pale kwenye mkeka. Lori likapita barabarani, lingine likapita. Mama mkwe alikuwa amekishika kile kitenge, anakikunja na kukikunjua. Kisha nikamwona anautazama mkono wake wenye kovu, anautazama kama kitu alichokikuta njiani.

"Uji," alisema.

Akaugeuza ule mkono.

"Nilipita kushoto."

"Ndiyo, Mama."

"Alikuwa anafukuza nzi, huyu mama. Alinyanyua mkono hivi." Akanyanyua mkono wake mwenyewe, pole pole, mpaka usawa wa sikio. Akauacha hapohapo hewani. "Hakuniona."

Akaurudia tena ule mwendo. Mkono juu, mkono chini.

"Mimi miaka yote nasema nilikosa adabu. Nasema mama alinichukia siku ile, kwa sababu hata pole hakunipa mbele ya wale mashangazi, aligeuza tu uso. Kumbe mama hakuniona. Hakujua ni mimi."

Mimi ndiye niliyelia. Yeye hakulia. Alishusha mkono wa blauzi, akalifunika lile kovu vizuri, akalipapasa juu ya kitambaa kama mtu anayembembeleza mtoto. Kisha akauliza, si kuniuliza mimi, "Na hakuna aliyemuuliza? Nyumba nzima ile?"

Nimekuwa nikiliwaza hilo swali tangu mchana. Labda kulikuwa na mtu wa kwanza aliyejua. Dada yake, au mumewe, mtu aliyempenda, ambaye hakutaka ashtuliwe shtuliwe, akawaambia watoto wapite kulia. Watoto wakawaambia wenzao. Sababu ikafa na aliyeijua, amri ikabaki. Sisi tukaikuta imeshavaa nguo za heshima, tukaipisha. Mimi pia niliipisha. Na bibi mwenyewe akanyamaza, kwa sababu mtu anayeheshimiwa hivyo anaanzaje kusema kwamba haoni?

Au labda hata yeye hakujua. Labda alidhani watu wote wana upande mmoja wenye usiku.

Hapo ndipo huwa nasimama, siwezi kuendelea kuwaza zaidi.

"Kesho saa ngapi?" mama mkwe aliniuliza mwishowe. Nikamwambia asubuhi, tukiwahi tutakuwa wa kwanza kwanza. Akasema, "Nitampakata mimi." Hakuniomba. Alisema tu, kisha akasimama akaniambia nilete tochi, maana mtoto lazima azoee tochi, na mimi muda wote huo nilikuwa nafanya nini.

Ndiyo huyo mama mkwe wangu. Amefika mchana kuzuia safari, jioni ananilaumu kwamba nimechelewa kuiandaa.

Festo aliporudi kazini alisimama getini kwanza, anasikilizia. Nadhani alitegemea kelele. Alichokikuta ni mama yake amekaa kwenye mkeka, jicho moja limezibwa na ndege wa njano, Gunzi mapajani, tochi mkononi, anasema, "Angalia hapa mama, angalia hapa, usiogope, ni mwanga tu." Na Skola, kwa ukali wote wa daktari bingwa, anamwambia bibi asitikisike. Festo akanitazama. Nikamwonyesha kwa kichwa aende anawe. Alinawa, kisha akaenda kukaa karibu na mama yake, na sikusogea kusikiliza waliyoongea. Niliona tu mama mkwe anakunja tena mkono wa blauzi, na Festo, mtu mzima na ndevu zake, anagusa kovu kwa kidole kimoja kama alivyofundishwa utotoni.

Sasa wako ndani. Namsikia mama mkwe anaimba kitu cha Kihehe, cha kulalisha, na Skola anamsahihisha ingawa hajui maneno.

Naogopa. Niseme hivyo bila kuzunguka. Sijui kesho watasema nini. Huenda watampa miwani, kamiwani kadogo ka kuchekesha. Huenda watamziba lile jicho zima miezi kadhaa ili lile vivu lifanye kazi, na atalia kila asubuhi, na mimi nitakuwa mtu mbaya kila asubuhi. Huenda ni kisu. Na huenda watamulika, wanyamaze kama yule nesi, waseme jicho limeshasahau. Nimejaribu kuliandaa hilo la mwisho moyoni mwangu na haliandaliki.

Mama mkwe naye ana hofu yake. Nilipokuwa nachambua mchele wake wa Igawa alikuja akasimama mlangoni pa jiko. "Na wakiinyoosha," aliniuliza, "mama nitamjua kwa nini?"

Nilitaka kumjibu kitu kizuri. Sikukipata. Nikamwambia, "Kwa ukali, Mama. Umemsikia mwenyewe." Akacheka kidogo, akaondoka. Sijui kama ilitosha.

Vitu viko tayari. Kanga mbili, ndizi, maji, mandazi manne ambayo matatu ni ya Festo. Gunzi ameshavalishwa kizibo chake, amelala ndani ya kikapu cha milulu na kichwa kimetokeza nje. Nguo ya njano ya Skola nimeipiga pasi ingawa najua ataichafua kabla hatujafika mjini.

Na nimefikiria tutakavyokaa. Skola atakuwa mapajani kwa bibi yake. Festo atakaa kulia, najua, hata hataamua, miguu yake itampeleka yenyewe. Ukoo mzima umepita kulia kwa muda mrefu hivi, na haikuwa kwa ubaya. Ilikuwa kwa upendo, na upendo ule ulimwacha mtu mmoja peke yake upande wa pili mpaka akazeeka na kuzikwa.

Maharage yameiva. Ngoja niyaepue.

Kesho nitakaa kushoto. Nitakaa hukohuko kwenye usiku wake, karibu, nimtajie jina lake pole pole kabla sijamgusa ili asishtuke. Wakimponya, wasipomponya, mimi nitakuwa upande huo. Na kama siku moja atageuka mwenyewe, bila kuitwa, na kusema, "Mama," nataka anikute pale.